Mgeni anataka kuja na bastola yake: nimjibuje?

Swali: Shikamoo mzee. Nina ofisi ndogo ya kutembeza wageni hapa Dodoma. Nimepata mteja wangu wa kwanza kutoka Marekani, bwana mmoja wa Texas na mkewe. Watashuka Dar kwa ndege inayopitia Amsterdam, waje Dodoma kwa treni ya SGR, niwapeleke Kolo kuona michoro ya miambani, halafu Ruaha. Sasa ameniandikia kwamba kwao ana leseni ya kutembea na bastola, anauliza kama anaweza kuja nayo ya kujilindia, hasa usiku wakilala kwenye hema. Sitaki kumpoteza, na kumdanganya pia sitaki. Nimjibuje?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Mwambie asije nayo. Mwambie leo, kabla hajakata tiketi, na umwandikie, usiishie kwenye simu, ili siku likitokea la kutokea maneno yako yawepo kwenye barua pepe yenye tarehe.

Hilo ndilo jibu. Kinachobaki ni sababu zake, maana mtu wa Texas ukimwambia "haiwezekani" tupu atakuuliza kwa nini, na ukibabaika ataamini kwamba hujui kazi yako.

Anza na hiyo leseni yake. Leseni ya silaha ni ruhusa ya serikali moja kwa raia wake, na inakufa mpakani. Hata huko kwao haina nguvu kila mahali: leseni ya Texas haitambuliwi New York, na wapo Wamarekani waliokamatwa kwenye viwanja vya ndege vya New York wakiwa wanaitaja silaha yao kaunta kwa nia njema kabisa, kwa sababu tu hawakuwa na leseni ya jimbo lile. Mwambie hivyo. Atakuelewa upesi kuliko ukianza kumtajia vifungu vyetu, maana hayo anayajua kutoka nyumbani.

Kwetu, silaha za moto zinasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya 1991, na aliyeshika rungu ni Jeshi la Polisi. Kuingiza silaha au risasi nchini bila kibali ni kosa, na kibali hicho si kitu cha kuombea uwanjani mtu ameshashuka na begi liko kwenye mkanda. Wenzako wengi katika biashara hii hudhani ni kosa la kulipa faini na kwenda zako hotelini. Sivyo. Kupatikana na silaha bila kibali kumewekwa kwenye jedwali la makosa ya uhujumu uchumi. Kesi ya namna hiyo haisikilizwi mpaka Mkurugenzi wa Mashtaka atoe ridhaa, dhamana yake si ya kumalizana kituoni jioni ileile, na kifungo kinachotajwa kwenye sheria ya uhujumu uchumi ni miaka isiyopungua 20 na isiyozidi 30. Sisemi kila mgeni mzembe ataishia huko. Nasema huko ndiko mlango unakofungukia, na wewe hutaki kuwa mtu wa kupeleka chakula mahabusu kwa mteja uliyempokea kwa maua.

Sasa atakuuliza, na ana haki ya kuuliza: mbona Wamarekani wanakuja Tanzania na bunduki kila mwaka? Ni kweli wanakuja. Msimu wa uwindaji wa kitalii ukifunguliwa Julai, utawaona Dar na KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, na yale masanduku marefu. Hao ni wawindaji, na njia yao ni nyingine kabisa. Huku kwetu kanda ya kati wanaelekea zaidi upande wa Manyoni, kwenye mapori ya akiba ya Rungwa, Kizigo na Muhesi. Mwindaji haji mwenyewe. Anakuja kupitia kampuni yenye kitalu, yaani eneo la kuwindia, kilichotolewa chini ya TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori, anawinda akiwa na mwindaji bingwa mwenye leseni, na kampuni ndiyo inayomwombea kibali cha muda cha kuingiza bunduki kabla hajapanda ndege. Kibali kinataja aina ya bunduki, kaliba (kipenyo cha risasi yake), namba iliyochongwa kwenye chuma na idadi ya risasi.

Nimesimama kwenye meza ile ya ukaguzi na wawindaji kwa miaka mingi, nikuambie inavyokwenda. Askari anafungua sanduku, anavuta komeo la bunduki kuhakikisha chemba ni tupu, anainamisha bunduki kwenye mwanga ili aisome namba, na kuifuata kwenye kibali kwa kidole, tarakimu baada ya tarakimu. Halafu risasi zinamwagwa na kuhesabiwa. Mwindaji akiondoka zinahesabiwa tena, zikiondolewa zilizotumika. Kama yule aliyejaza fomu huko kwao alisoma 8 akaandika 3, hapo patakuwa na kikao kirefu, na mwindaji atakaa benchi na mkewe mpaka simu zimalizike. Hayo ni kwa mtu ambaye karatasi zake zote zipo na ambaye analakiwa na mtu wa kampuni anayejulikana uwanjani.

Na bado huyo mwindaji hakuja na bastola. Kanuni zetu za uwindaji zinataka bunduki ya kufaa mnyama anayewindwa, kwa nyati na tembo ikianzia kaliba .375, na silaha zinazojipakia zenyewe haziruhusiwi kuwindia. Bastola ya kiunoni ya mjini Houston haina mahali pa kuingia hapo. Kwa hiyo mteja wako akisema, "Basi niandikie kwamba ni mwindaji," mkatalie bila kumung'unya maneno. Huna kitalu, huna mwindaji bingwa, na ukitia saini barua ya namna hiyo mshtakiwa wa kwanza ni wewe.

Tufanye hata kibali kingepatikana. Bado kuna njia yenyewe. Mtu wa Texas akitoka na silaha yake nchini kwao, forodha ya Marekani ina fomu namba 4457 ya kuandikisha vitu anavyotoka navyo, ili akirudi isionekane ameinunua nje. Kuna pia tamko la kielektroniki la kusafirisha silaha, na ukomo wa silaha 3 na risasi 1,000 kwa msafiri anayebeba vyake. Shirika la ndege linataka taarifa mapema na linaweza kukataa, hilo ni shauri lao. Likikubali, silaha inakaa mizigo ya chini, tupu, kwenye sanduku gumu lenye kufuli. Risasi zinafungwa kivyake na hazizidi kilo 5 kwa abiria. Mume na mke hawaruhusiwi kujumlisha kilo zao kwenye pakiti moja. Kisha kuna Amsterdam. Watu husahau kwamba silaha inayobadilisha ndege imepita katika nchi, hata kama mwenyewe hakutoka nje ya uwanja na hata kama hakuligusa begi. Uholanzi inataka idhini yake ya kupitisha silaha, na inaombwa kabla ya safari. Nchi za Ghuba nazo zina masharti yao kwa silaha inayopita tu. Nimeona wawindaji waliobadilisha njia nzima ya safari kwa ajili ya hilo tu.

Na akishafika, ratiba yako yenyewe haimfai mtu mwenye silaha. Stesheni ya SGR mabegi yanapita kwenye mashine kama uwanja wa ndege. Barabara ya kwenda Iringa kwa Mtera ina vizuizi vya polisi. Halafu geti la Ruaha, na hapo naomba unisikilize vizuri, maana linakuhusu wewe na dereva wako kuliko mgeni. Sheria ya Hifadhi za Taifa inakataza mtu kuwa na silaha ndani ya hifadhi bila kibali, na neno silaha pale halina maana ya bunduki peke yake. Ukipita mahakamani kwenye wilaya zinazopakana na hifadhi utakuta mashauri ya watu walioshikwa na panga, mkuki na nyaya za kutegea, na hati ya mashtaka inasema wazi "kupatikana na silaha ndani ya hifadhi". Ile panga ambayo dereva wako anaiweka chini ya kiti kwa ajili ya kukatia matawi gari likikwama, itoe, au itangaze getini. Wengine watakwambia dereva wa watalii hasumbuliwi. Huenda. Mimi ningeitoa.

Kuna jambo ambalo naliogopa zaidi ya bastola yenyewe, kwa kuwa bastola mtu anajua anayo. Ni risasi iliyosahaulika. Mtu anayeishi na silaha kila siku ana begi la kwendea kulenga shabaha, na begi hilohilo ndilo analochukua safarini kwa sababu ni gumu na lina mifuko mingi. Mwaka 2023 wakaguzi wa viwanja vya ndege vya Marekani walikamata silaha 6,737 kwenye vituo vya ukaguzi wa abiria, zaidi ya 9 kati ya kila 10 zikiwa na risasi ndani, na utetezi unaosikika kila mara ni uleule: nilisahau kama imo. Kama mtu anasahau bastola nzima, hizo risasi 2 zilizodondokea kwenye bitana atazikumbuka?

Yaliyotokea visiwa vya Turks na Caicos yanatosha kumfundisha. Hivyo ni visiwa vya Uingereza kule Karibi, Wamarekani wanakwenda kuogelea. Mwaka 2024 kulikuwa na Wamarekani kadhaa wanaokabiliwa na kesi huko kwa sababu ya risasi chache zilizokutwa kwenye mabegi yao, nao wakisema walizisahau. Sheria ya pale ilikuwa na kifungo cha chini cha miaka 12. Walikaa miezi mbali na familia zao kabla baadhi yao hawajaachiwa kwa faini na vifungo vya nje, na mwaka huohuo bunge la visiwa vile likarekebisha sheria ili majaji wapate nafasi ya kutazama mazingira ya kosa. Mteja wako huenda alizisikia habari hizo. Mkumbushe kwa upole, kisha umwombe afanye hivi: achukue begi ambalo halijawahi kwenda kulenga shabaha. Kama hana, alimwage lote juu ya kitanda, aligeuze ndani nje, apitishe vidole kwenye kila mshono na chini ya ile karatasi ngumu ya kitako. Atazame pia koti la kuwindia, mfuko wa kamera na kisanduku cha gari. Magazini tupu, ile chemba ya kupachikia risasi, aiache. Ganda la risasi alilofanya kishikio cha funguo aliache. Dawa ya pilipili ya kupuliza aiache pia, maana kanuni za kimataifa za ndege haziitaki juu wala chini, na Uingereza inaihesabu kuwa silaha iliyopigwa marufuku.

Sasa turudi kwenye neno ulilolipita haraka: "usiku kwenye hema". Mimi naona hapo ndipo penye swali lenyewe. Huyu bwana haogopi majambazi wa Dodoma, anaogopa simba. Hofu hiyo ina jibu zuri, na ukimpa atasahau bastola.

Mweleze kwamba Ruaha ukitaka kutembea kwa miguu unakwenda na askari mwenye bunduki, aliyefunzwa, anayewajua tembo wa pale kwa tabia zao. Kwenye kambi za mahema, usiku mgeni hatoki peke yake kwenda kula: anawasha tochi au anaita, anakuja mlinzi wa kambi kumchukua, na akimaliza anarudishwa mpaka zipu ya hema. Hema lililofungwa mnyama kwa kawaida halifungui. Ajali nyingi za porini zinatokana na mtu aliyetoka nje kwa jambo dogo bila kuita, au aliyeficha chakula ndani. Lala ndani, zipu juu, maji na tochi karibu na mto, ndoo ndani kwa haja ya usiku ikibidi. Na umwambie ukweli ambao mwindaji yeyote atamthibitishia: bastola ya milimita 9 haimzuii tembo wala nyati. Inamkasirisha tu. Mtu aliyeshika bastola gizani, katikati ya mahema ya watu wengine waliolala, ni hatari kuliko fisi anayezunguka jiko.

Kolo hana cha kuogopa zaidi ya jua na kupanda kilima. Michoro ile imo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2006, ataongozwa na mtu wa mambo ya kale, na atakaokutana nao njiani ni wachunga mbuzi. Akiona mchungaji na fimbo au mkuki asishtuke, huyo yuko kazini.

Usisahau upande wa kurudi. Wageni wanaofika Kondoa na Chemba hupenda kununua upinde na mishale, Wasandawe ni mafundi wa hilo. Upinde hauna taabu ukiwekwa mizigo ya chini, ila mwulize muuzaji kwa Kiswahili cha wazi kama kichwa cha mshale kimewahi kupakwa sumu, na kama jibu lina kigugumizi usinunue. Manyoya na ngozi vilivyofungwa kwenye upinde ni habari nyingine, hivyo ni nyara za wanyamapori na vinataka kibali chake, kwa hiyo mchagulie mgeni upinde usio na mapambo hayo.

Na kwa kuwa siku hizi Wadodoma nao wanatembea, niongeze kwa wale wenye bastola zao halali kabatini, wafanyabiashara wa mazao na madini hasa, wanaoniuliza swali hilihili kwa upande wa pili. Jibu halibadiliki. Uingereza ilipiga marufuku bastola kwa raia mwaka 1997 baada ya mauaji ya watoto wa shule ya Dunblane, na mgeni anayekwenda kuwinda huko na bunduki ndefu lazima mwenyeji wake amwombee kibali polisi. Marekani yenyewe, pamoja na sifa zake zote za bunduki, haimruhusu mgeni mwenye viza ya matembezi kuwa na silaha mpaka awe ndani ya misamaha michache, kama kuwa na leseni ya kuwinda ya jimbo, na aombe kibali kwa fomu ya 6NIA kabla ya kuingia nayo. Afrika Kusini ina fomu ya SAPS 520 kwa wawindaji. Singapore sitaki hata kuizungumzia: kuwa na silaha bila kibali ni kifungo na viboko, kuifyatua wakati wa uhalifu ni kunyongwa. Jirani zetu wa Kenya walifunga uwindaji tangu 1977, kwa hiyo hata kisingizio hicho hakipo ukivuka Namanga. Unasafiri? Nenda kwa OCD, mkuu wa polisi wa wilaya yako, na hati yako, uulizie utaratibu wa kuihifadhi silaha mpaka urudi, na udai hati ya makabidhiano. Kumwachia shemeji ufunguo wa kabati ni kumwachia kesi, maana leseni ina jina lako, haina lake.

Nikuandikie sasa utakachomtumia, ukigeuze kwa Kiingereza chako: "Mpendwa mgeni, asante kwa kuuliza mapema. Sheria ya Tanzania haimruhusu mgeni kuingia na bastola kwa ajili ya kujilinda, na leseni yako ya Texas haitambuliwi hapa wala mahali utakapobadilishia ndege. Tafadhali acha nyumbani silaha, risasi, magazini na dawa ya pilipili, na ukague mabegi yote kabla ya kufunga. Usalama wako porini ni jukumu letu: utakuwa na askari mwenye silaha wakati wa kutembea kwa miguu, na mlinzi wa kambi usiku. Kama ungependa safari ya uwindaji siku nyingine, nitakuunganisha na kampuni yenye kitalu." Chini yake ongeza mstari wa kumtaka ajibu kwamba amesoma na amekubali. Sentensi hizohizo ziingize kwenye fomu yako ya kuhifadhi safari, kwa kila mgeni wa taifa lolote, ili asionekane mtu anashukiwa kwa pasipoti yake.

Yule wa kuwinda usimpeleke kwa kampuni uliyoisikia tu. Ulizia TAWA kama kweli ina kitalu na leseni hai, maana mgeni akitapeliwa atakukumbuka wewe.

Nafikiri atakuja. Wengi wao wakishajibiwa kwa heshima na kwa sababu zinazoeleweka huwa wanashukuru. Akijibu kwamba bila bastola haji, usibembeleze. Mrudishie amana yake mapema, kabla hujalipia vyumba Ruaha.